Wavu Mbichi

Lifti ya jengo lile ilikuwa haijui kukataa mtu. Asubuhi hiyo ilikuwa imeshameza makarani, wagonjwa wa meno walioshika mashavu, fundi simu na sanduku lake, na mama mmoja aliyebeba keki ya mtu wa kazini kwake. Mlango unataka kufunga tu, buti la mpira likajichomeka katikati.

"Nisubirini jamani, nina abiria mwenye presha!"

Aliyeingia ni binti aliyeshaacha utoto lakini hajaanza kuficha miaka. Amevaa aproni ya bluu iliyopauka kwa chumvi na kilemba cha kijani kilichofungwa mbiombio, na kifuani amekumbatia mfuko wa nailoni uliovimba maji. Ndani ya mfuko samaki mmoja wa manjano, bapa kama sahani, alikuwa anawakagua watu kama mkaguzi wa tiketi.

Lifti ikaanza kupanda. Kabla haijafika mbali, kijana mrefu aliyebanwa ukutani akakohoa kwa adabu. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, na viatu vyake vilikuwa vipya. Vilikuwa vipya mpaka dakika hiyo.

"Dada," akasema, "sipendi kuingilia siri za mtu, lakini mzigo wako unanikojolea."

Lifti nzima ikaangua kicheko. Hata wenye mashavu yaliyovimba walicheka kwa upande mmoja.

"Si mkojo," akajibu binti bila kupepesa. "Ni bahari."

"Bahari gani inayopanda lifti?"

"Iliyochoka ngazi. Badala ya kulalamika, ziba hapo kwenye tundu, samaki wangu anaishiwa."

Kijana akanyoosha kiganja. Binti akaruka kama kachomwa sindano.

"Ngoja! Umenawa?"

"Dada, mimi nimeoga mwili mzima, kwa heshima ya siku ya kwanza ya kazi."

"Na ukajimwagia marashi chupa nzima. Marashi na mafuta yakiingia majini, samaki anakufa. Huna leso?"

Leso ilikuwepo, nyeupe, imekunjwa pembe nne. Akaifunga kwenye tundu kwa umakini wa mtu anayemfunga bandeji mfalme. Wakashukia ghorofa ile ile, wakaelekea mlango ule ule, kila mmoja akidhani mwenzake anamfuata. Kumbe kijana ndiye mpokezi mpya wa kliniki ya meno, na binti ndiye aliyekuwa akitunza lile tangi kubwa la samaki wa maji ya chumvi lililokuwa kwenye chumba cha kusubiria, lile ambalo wagonjwa hulitazama ili wasisikie mashine inavyolia kwa daktari.

Watu wote walimwita Fundi. Yule kijana peke yake, kuanzia siku ile, alimwita Chumvi. Naye kijana akaitwa Mpokezi, na leso yake hakurudishiwa. Hakuiulizia. Mwanaume akisahau kuulizia leso, mjue kuna kitu kingine anachokingoja.

Tangi lile lilikuwa na ukoo wake. Samaki wa manjano akaitwa Ndimu. Wawili wenye mistari ya rangi ya chungwa, wasioachana hata kwa kula, waliitwa Maharusi. Na mkubwa wao wote, wa bluu iliyoiva, mwenye madoa ya dhahabu na mwendo wa mtu anayejua anatazamwa, alikuwa Malkia. Malkia alikuwa wa Daktari mwenyewe. Alimnunua siku alipofungua kliniki, na husemekana alikuwa anamwambia mambo asiyomwambia mumewe.

Siku ambazo Fundi alikuwa kwa wateja wengine, Mpokezi ndiye aliyelisha samaki. Hapo ndipo simu zilipoanza.

"Haloo, Chumvi. Ndimu ananiangalia vibaya."

"Umempa chakula?"

"Nimempa. Anataka na cha Malkia."

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye dhamira."

Fundi alikuwa akicheka peke yake barabarani, na ndoo zake, watu wakimpisha wakidhani ana lake kichwani. Na kweli alikuwa nalo.

Shangazi yake, aliyemlea na aliyekuwa fundi cherehani, aliyasikia mazungumzo hayo nyuma ya pazia huku mdomo umejaa pini. "Huyo anayenawa mpaka dhamira," akasema alipozitoa, "atakuja lini nimpime suruali? Mimi mwanaume namjulia kiunoni. Asiyetulia kupimwa hatulii na ndoa."

Kazi Fundi aliijua, na aliipenda kuihubiri. Jioni moja wakitembea, alimweleza Mpokezi habari za mzee mmoja mstaafu ambaye samaki wake walikuwa wanaumwa minyoo bapa.

"Ni vidudu vyembamba, vimeng'ang'ania ngozi na mashavu ya samaki, vinakula taratibu. Huvioni. Vinapitisha mwanga kama kioo. Unachoona ni samaki anajikuna kwenye mawe, jicho linaingia ukungu, anahema kama kapanda ngazi."

"Dawa?"

"Ipo. Lakini ukiitia mara moja unaua wakubwa tu. Mayai hayasikii dawa. Lazima ungoje yaanguliwe, utie tena, la sivyo umejidanganya. Na mayai yana nyuzi, yananasa kwenye wavu kama uzi kwenye msumari. Ndiyo maana kwangu kila nyumba ina wavu wake, na wavu haurudi kazini mpaka ukauke kabisa juani. Ni kama mswaki. Wewe utakubali mswaki wa jirani?"

"Inategemea jirani," akasema Mpokezi, akapigwa kofi la begani, akalipokea kama zawadi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa raha.

Mpokezi alimwalika Fundi kwenye duka la kahawa lililofunguliwa mtaa wa pili, lile lenye viti vya mto na taa zilizofunikwa na vikapu. Fundi akamlilia shangazi yake, naye akamshonea gauni la rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, kiuno kimekumbuka kwamba ni kiuno. Alilivaa chini ya aproni tangu asubuhi. Mchana wote alikuwa kwa yule mstaafu, akiwahamisha samaki wagonjwa. Alipopita kliniki jioni, akakuta mtoto wa mgonjwa ameangusha karatasi ya peremende tangini, nayo inaelea, Malkia anaigusagusa kwa mdomo.

Wavu wa kliniki ulikuwa nyumbani, kwenye kamba ya shangazi. Kwenye ndoo mlikuwa na wavu wa mstaafu, mbichi, unadondoka.

"Chumvi, wenye haraka watatumalizia keki!" Mpokezi aliita mlangoni, koti begani.

Fundi akautazama wavu. Akaukung'uta hewani, puu, puu. Akasema moyoni, mara moja tu, karatasi yenyewe ndogo. Akachota, akavua aproni, akatoka na gauni lake. Moyo ukiwa na sherehe hauulizi wavu ni wa nani. Walikula keki, wakagombania kijiko, akapewa mkono kuvuka barabara ambayo haikuwa na gari hata moja. Ule wavu aliusahau kama mtu anavyosahau alichokula juzi.

Majuma yalipopita, Ndimu akaanza kujikuna.

Kwanza alijipitisha kwenye jiwe kama anatania. Kisha akawa anajitupa. Maharusi wakaacha kula pamoja, halafu wakaacha kula. Jicho moja la Malkia likaingia ukungu, kama dirisha la jikoni. Fundi alipopigiwa simu akaja mbio, akasimama mbele ya kioo, na benchi zima la wagonjwa likamtazama kama daktari wa zamu.

Ungedhani angekumbuka mahubiri yake mwenyewe. Lakini nyani haoni kundule. Kwake yeye, kitu kichafu hakiwezi kutoka kwake. Kama kimeingia, kimeletwa. Na chumba kile kilikuwa kinanukia marashi, makali, matamu. Akageuka. Mpokezi alikuwa nyuma ya meza yake, anamwandikia mtu miadi.

"Ni wewe!" akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoikusudia, na ikishatoka, mwenye nayo huona aibu kuipunguza. "Ni wewe na marashi yako! Nimekuambia mara ngapi unawe?"

"Nilinawa, Fundi." Hakusema Chumvi.

"Ulinawa nini? Chumba kizima kinanukia! Unawaua! Mtu mzima huwezi kunawa mikono, unangoja mama yako aje akuogeshe?"

Mwenye maumivu ya jino hucheka vibaya, lakini hucheka. Benchi likacheka. Bibi mmoja akasema, "Kumbe huyu ndiye anayetupa chai." Mlango wa ndani ukafunguka, Daktari akasimama na barakoa usoni, akamtazama Malkia, akamtazama Mpokezi.

"Kuanzia leo usiguse tangi," akasema. "Na meza hii aikalie mwingine kwa sasa. Wewe nenda nyuma, uoshe vyombo vya kazi."

Mpokezi akafunga kalamu yake. Alipompita Fundi hakuinua sauti. Alimwambia karibu na sikio, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba kitufe kimefunguka.

"Umesema mbele za watu. Ukija kukuta umekosea, utasemea wapi?"

Fundi akakunja midomo. Alijiona ana haki, na haki ya namna ile huwasha mwili kama pombe.

Basi akawatibu samaki kana kwamba wamekula sumu. Akabadilisha maji, akatia mkaa wa kusafisha, akafuta kioo. Wakazidi kuugua. Asubuhi moja Malkia alikutwa amelala kwenye mchanga kwa ubavu, madoa ya dhahabu yamefifia. Daktari alimtoa mwenyewe. Hakuvua barakoa, ila juu ya barakoa macho yalikuwa yanavuja, na wagonjwa wakajifanya wanasoma magazeti ya mwaka juzi.

Fundi alikuwa amepiga magoti anakausha sakafu, na mama wa usafi akamsogezea tambara.

"Pole, mwanangu. Lakini na yule kijana masikini umemwonea."

"Nimemwonea nini, mama? Marashi yake hukuyasikia?"

"Marashi yale?" Mama wa usafi akacheka bila furaha. "Yale yalikuwa ya yule bibi aliyekaa karibu na mlango, ananukia mpaka ngazini. Mpokezi hajajipaka kitu tangu ulipomkemea kule kwenye lifti. Hata sabuni ananunua isiyo na harufu. Mimi namcheka, namwambia, baba, utapata mke kwa kunuka jasho? Anasema, samaki wa mtu hawapendi."

Tambara lilikuwa mkononi mwa Fundi linadondokea sakafu aliyokwisha kuikausha.

Akaomba ruhusa ya kutumia jiko dogo la kliniki. Akajaza beseni jeusi maji yasiyo na chumvi, akayapima joto, akatia mrija wa hewa uchemke mapovu, akamshika Ndimu na kumtia humo. Ni jambo alilopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Samaki wa chumvi huvumilia maji yale kwa dakika kadhaa, lakini minyoo bapa haivumilii. Inavimba, inaachia, inakuwa myeupe, na ndipo jicho la mtu linapoiona.

Akatazama. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kwenye ubavu wa Ndimu pakatokea doa, kama punje ya ufuta. Likawa jeupe. Likaanguka. Likafuata jingine. Muda si muda chini ya beseni jeusi palikuwa pametapakaa vidoa vyeupe, na kila kimoja kilikuwa kinamtazama yeye.

Hapo hapo akauona wavu. Akauona unavyodondoka kwenye ndoo, akasikia ile puu, puu, akasikia sauti mlangoni inataja keki. Aliona vyote, mpaka mikono ya gauni lake aliyoikunja isilowe.

Kuna aibu inayopanda usoni, hiyo hupoa kwa maji. Ile ya Fundi haikufikiwa na maji. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akiwa amemshika Ndimu ndani ya beseni kama mtu anayemshika mtoto wa mwenzake aliyemwangusha. Kuta zile zilikuwa nyembamba. Upande wa pili alisikia maji ya bomba na vyuma vikigongana. Mpokezi alikuwa anaosha vyombo.

Hakwenda. Alimrudisha Ndimu tangini, akapita kwa mlango wa nyuma.

Siku iliyofuata akawahamisha samaki waliobaki, akawatia katika pipa pana la wagonjwa nyumbani kwake, na pampu na dawa. Tangi la kliniki lilibaki na maji na mawe matupu, maana minyoo itakayoanguliwa ikikosa samaki wa kung'ang'ania hufa yenyewe. Kwa tiba ni sahihi. Lakini tangi tupu lina midomo mingi. Kila mgonjwa mpya akiuliza samaki wako wapi, mgonjwa wa zamani alimjibu: "Kuna kijana yuko nyuma kule, mchafu wa mikono, kawamaliza." Na Fundi, aliyepita kukagua maji, alisikia, akainamisha kilemba, akapima chumvi.

"Nyamaza," shangazi akamshauri, akikata kitambaa. "Samaki hawasemi. Watapona, utawarudisha, utasifiwa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye unayetusumbua." Akakata mpaka mwisho, akaweka mkasi. "Jana usingizini ulisema 'wavu' mpaka nikaamka nikadhani tumeibiwa. Mpigie, mwanangu. Ukuta wetu mwembamba, nami nina umri wa kulala."

Alipiga.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Chumvi."

"Ya mezani au ya samaki?"

Kidogo acheke, na kile kicheko kikamponza, kikamfanya adhani mambo mepesi. "Nilitaka kukuambia... samaki wanapata nafuu."

"Afadhali. Walikuwa na nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mtu alitakiwa apite tu.

"Ugonjwa tu. Wa... wa msimu."

"Wa msimu," akasema Mpokezi. "Haya. Uguza salama." Simu ikakatika, na Fundi akabaki anaitazama kama imemtemea mate. Nayo ilikuwa na sababu.

Jioni ile akapiga tena, kabla ujasiri haujapoa, akasema mfululizo bila kuvuta pumzi: "Si marashi, ni minyoo bapa, niliileta mimi kwa wavu mbichi wa mstaafu, siku ile ya keki, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukaa na wewe. Wewe huhusiki hata kidogo. Nisamehe, mpenzi."

Akamsikia Mpokezi anavuta kiti.

"Kwa hiyo keki ile imetugharimu Malkia," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na mimi."

"Ndiyo." Ilitoka ndogo.

"Nimekusamehe. Roho yangu si jiwe. Lakini, Chumvi, mimi sikutukanwa kwenye simu."

"Nimeshakuambia ukweli. Unataka nini zaidi?"

"Mimi sitaki. Wewe ndiye uliyenifundisha. Dawa ya kwanza inaua wakubwa. Mayai je?"

"Yako wapi mayai?"

"Kwenye benchi. Yanaanguliwa kila siku. Leo nimempelekea bibi mmoja maji ya kusukutua, akaniuliza kama nimenawa. Nikamwonyesha mikono kama mtoto wa shule. Mtu mzima mimi. Lala salama."

Fundi alijua kitakachomtokea akisema. Daktari ndiye mteja wake mkubwa, na ndiye aliyemtuma kwa wengine wote. Fundi wa samaki anayeeneza minyoo ni sawa na mpishi anayewapakulia watu tumbo la kuhara. Nani atamfungulia mlango?

Akachagua asubuhi yenye watu wengi, ili asiwe na pa kukimbilia. Akavaa lile gauni la damu ya mzee, maana nalo lilikuwepo siku ile ya wavu. Mkononi alishika wavu. Chumba kilijaa: yule bibi wa marashi, wafanyakazi wa ofisi za juu, mzee mmoja mwenye pamba mdomoni aliyekaa na mkewe. Mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Fundi akasimama mbele ya tangi tupu, mgongo ukitaka kuingia ndani ya kioo.

"Samahanini," akasema. "Mimi ndiye fundi wa samaki hawa. Mpokezi hakuwaua. Niliwaua mimi. Nilitumia wavu mchafu niliotoka nao kwa mteja mwingine. Yeye alikuwa msafi wakati wote. Mchafu nilikuwa mimi."

Nyuma yake mapovu ya tangi yalisikika. Akavuta pumzi. Amemaliza. Ameweza.

"Anasema nini huyo?" mzee mwenye pamba akamuuliza mkewe kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri.

"Anasema samaki kawaua yeye."

"Nani?"

"Yeye fundi!"

"Si walisema yule kijana? Sijaelewa. Hebu arudie."

Chumba kizima kikamgeukia Fundi. Na Mungu ana utani wake, mlango wa ndani ukafunguka, Daktari akatokea na koleo mkononi, na nyuma yake, mlango wa chumba cha vyombo, Mpokezi akiwa na sinia, mikono imejikunja kwa maji.

Ile ya kwanza aliisema kwa ujasiri. Ya pili hakuwa nao tena, ulikuwa umekwisha. Aliisema machozi yanaingia mdomoni, neno kwa neno, kwa sauti ya kumfikia mzee, na akaongeza lile alilolibakiza mwanzo. "Nilimtukana mbele yenu. Nikamtajia mama yake. Na nilipojua nimekosea, nikapita mlango wa nyuma, nikawaacha mseme. Mnaomwona pale ni mtu aliyeacha hata marashi kwa ajili ya samaki wangu."

"Aah," akasema mzee. "Sasa nimeelewa. Vibaya sana, binti."

"Vibaya sana, baba," akasema Fundi.

Mpokezi hakumkimbilia kumkumbatia, hii si sinema. Aliweka sinia chini, akajifuta mikono, akatoka, akakaa kwenye kile kiti cha mapokezi bila kumwuliza mtu. Akafungua kalamu. "Daktari, anayefuata ni mzee huyu," akasema. Sauti ilikuwa ya kazi.

Daktari alimgeukia Fundi. "Malkia alikuwa hapa kabla yako," akasema. "Siwezi kujifanya sikusikia. Watibu waliobaki, uwarudishe. Lakini ufunguo wangu uache mezani. Kuanzia leo utabisha hodi kama wagonjwa."

Fundi akauweka ufunguo mezani, mbele ya Mpokezi. Hakuthubutu kumtazama uso. Alitazama vile viatu, vyenye alama nyeupe ya chumvi isiyotoka.

Siku zikaenda. Simu haikulia. Mstaafu alisikia habari hizo, akamwambia asirudi. Mteja mwingine akamwambia arudi, ila na ndoo mpya. Alitia dawa ya pili pipani. Samaki wakatulia, Ndimu akaacha kujikuna, Maharusi wakarudiana kama hawakuwahi kununiana. Wavu wa kliniki aliufua, akauanika kwenye kamba ya shangazi mpaka ukakauka kama karatasi.

Asubuhi ya kuwarudisha, lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi na mifuko yake mitatu, jasho linamtiririka, mmoja umefungwa na leso nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Akagonga.

"Hodi."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mpokezi, shati jeupe, mikunjo ile ile. Nyuma yake benchi limejaa, na lilijua habari zote. Benchi lile lilikuwa gazeti. Mpokezi alitazama mifuko. Akatazama leso, kwa muda mrefu kuliko mifuko. Akasimama katikati ya mlango, hakupisha.

"Umenawa?" akamuuliza.

Mtu mmoja akaguna. Fundi akahisi uso unawaka mpaka masikioni. Akaweka mifuko chini taratibu, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akageuza, viganja chini, kama mtoto wa shule, mbele ya watu wote.

Mpokezi akaikagua kucha kwa kucha. "Na wavu?"

"Mkavu. Wa hapa hapa."

"Tutaona."

Aliinua mfuko wenye leso, akaifungua mwenyewe. Wakamwingiza Ndimu tangini pamoja, naye akazunguka jiwe kubwa, pale Malkia alipopenda kukaa, akaona hakuna mtu, akapita. Wote wawili walilitazama lile jiwe.

"Jumapili shangazi yako yupo?" Mpokezi akauliza akiwa bado anatazama kioo.

"Yupo. Kwani una suruali ya kupunguza?"

"Nina mama. Anataka kumwona huyo aliyesema ananiogesha."

Fundi alifunika uso kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuta umeshashikwa, majimaji ya chumvi yakitiririka kiwikoni.

"Mama yako aje," bibi wa marashi akaita kutoka benchi, "ila mwambie anawe!"

Chumba kikacheka, safari hii kwa pande zote mbili za mdomo. Aibu ilimkaa Fundi pale pale, nzito, haikwenda popote, na sidhani kama ilikuwa na mpango wa kuondoka upesi. Akaiacha ikae. Mkono wake hakuuondoa.